Kipimo cha Kiuno cha Kilti ya Kisasa: Mwongozo kwa Wavaaji na Mafundi wa Lamu

Kijana wa Lamu aliyekulia ndani ya kikoi hahitaji kushawishiwa kwamba mwanamume anaweza kuvaa vazi lisilo na miguu miwili na akapendeza. Kilti, lile vazi la marinda la wanaume wa Uskoti, ameiona kwenye simu, pengine ameiona kwa wageni wanaotembea Shela, na siku hizi wapo wanaotamani kuagiza zao, hasa zile za kisasa ambazo huvaliwa na fulana na makubadhi siku yoyote ya wiki bila kungoja sherehe.

Linalowaponza wengi ni kiuno. Kikoi hakina namba. Mtu hukizungusha, hukikunja na kukiviringa juu ya tumbo alilo nalo asubuhi hiyo, na jioni baada ya pilau hukilegeza kidogo, mambo yakaendelea. Kilti haina uhuru huo. Marinda yake hukunjwa kwa hesabu na kushonewa kuanzia kiunoni hadi usawa wa nyonga, na baada ya hapo mvaaji hubakiwa na nafasi ya inchi 1 au 2 tu ambayo bizimu za pembeni zinaweza kuongeza au kupunguza. Isitoshe, nguo iliyotoka Uingereza au Marekani, ikapokelewa Nairobi au Mombasa, ikapanda gari hadi Mokowe na kuvushwa kwa boti, hairudishwi kwa wepesi ili ibadilishwe. Ikikataa mwilini huishia kukunjwa sandukuni. Kwa hiyo kazi yote ya kupima ifanyike kabla ya kulipa, na ifanyike kwa mpangilio ambao wengi huugeuza: kwanza amua kilti itakaa sehemu gani ya mwili, kisha ndipo uchukue tepu.

Uamuzi huo ni muhimu kwa sababu kilti za aina mbili hukaa mahali pawili. Kilti ya desturi, ile ya sufu inayoweza kumeza hadi yadi 8 za kitambaa, yaani zaidi ya mita 7, hukaa juu: usawa wa kitovu au juu yake kidogo, pale ambapo kiwiliwili huwa chembamba kati ya mbavu na mfupa wa nyonga, na upindo wake hufika katikati ya goti. Kilti ya kisasa imeshuka. Kampuni ya Utilikilts, iliyoanza Seattle nchini Marekani mwaka 2000, ni miongoni mwa waliozoeza watu kilti za pamba nzito zenye mifuko na vifungo vya kubonyeza, na nguo za namna hiyo kwa kawaida huvaliwa pale pale panapokaa jinzi, inchi 2 hivi chini ya kitovu, zikishikiliwa na mifupa ya nyonga. Watengenezaji wengine hushona kitambaa cha mirabaraba cha nyuzi zilizochanganywa, chepesi kuliko sufu, na kutumia yadi 5 hivi, lakini wakabakiza mkao wa juu. Ukisoma maelezo ya muuzaji, jambo la kwanza la kutafuta ni hilo: nguo hii imekatwa ikae wapi? Asiposema, muulize kwa maandishi kabla ya kumpa fedha yako, na akishindwa kujibu, tafuta muuzaji mwingine.

Tofauti ya mahali hapo pawili haikisiwi kwa macho. Kijana mwembamba hupata namba ndogo juu na namba kubwa chini, kwa kuwa nyonga zake zimetanuka kuliko kiuno. Mwenye kitambi mara nyingi hupata kinyume chake: juu, kwenye kitovu, ndipo tumbo lilipojaa, na chini ya tumbo namba hupungua kwa inchi kadhaa. Watu wawili wanaovaa jinzi za namba moja wanaweza kuhitaji kilti za saizi tofauti kabisa, na mtu mmoja anaweza kuwa saizi 36 kwa kilti ya chini na saizi 38 kwa kilti ya juu, wala hakuna namba kati ya hizo iliyo ya uongo.

Namba ya uongo ni ile iliyoandikwa ndani ya suruali. Mteja huja barazani akasema, "Fundi, mie navaa 34," na jibu langu ni lile lile: "Bwana, hiyo ni namba ya suruali yako, yako wewe hatujaijua." Viwanda vingi vya nguo huandika namba ndogo kuliko mzunguko halisi wa suruali, kwa kuwa mnunuzi hufurahi kuambiwa kuwa ni mwembamba, na kila kiwanda hupunguza kwa kiasi chake. Anayetaka kulithibitisha aichukue jinzi anayoivaa mara nyingi, aifunge kifungo, ailaze juu ya meza, anyooshe pindo la kiuno mpaka sehemu ya mbele na ya nyuma zilingane, kisha apime upana kutoka ncha hadi ncha na kuuzidisha mara mbili. Jinzi iliyoandikwa 34 inaweza kutoa inchi 18 na nusu kwa upana, na hizo ni inchi 37 za mzunguko. Mwenye jinzi hiyo akiagiza kilti ya 34 atapokea nguo ambayo bizimu zake hazifiki kwenye mikanda yake. Kipimo hiki cha mezani kina faida, kwa sababu kilti ya kisasa inayokaa chini hukaa karibu na pale pale jinzi inapokaa, kwa hiyo ni ushahidi mzuri wa pili. Ushahidi wa kwanza ubaki kuwa mwili.

Kupima mwili hutaka watu wawili. Anayejipima mwenyewe huinama kuitazama namba, na akiinama tu tumbo limekwisha kubadilika. Mpimwaji asimame wima juu ya sakafu iliyo sawa, miguu ikiachana kidogo, mikono ikining'inia, shati limeinuliwa, na ndani awe amevaa kile atakachovaa chini ya kilti. Akikusudia kuvaa bukta, basi bukta iwepo wakati wa kupima, kwa kuwa pindo lake la kiunoni lina unene wake. Mpimaji atafute mfupa wa nyonga kwa vidole pande zote mbili, aweke alama ndogo ya chaki au afunge uzi mwembamba kuzunguka pale kilti itakapokaa, kisha aizungushe tepu juu ya uzi huo. Hapa ndipo kosa hutokea bila kuonekana: mbele tepu iko sawa, lakini mgongoni imepanda au imeshuka kwa upana wa vidole viwili, na namba inayosomwa si ya mahali palipokusudiwa. Mzunguke mteja, utazame nyuma yake, uirudishe tepu mahali pake, ndipo usome.

Pumzi nayo ina neno lake. Karibu kila mwanamume akiguswa na tepu tumboni hujikaza, na hafanyi hivyo kwa hila. Ni mwili tu. Mwambie ahesabu kwa sauti mpaka 5 au akutajie majina ya watoto wa jirani, usome namba anapokuwa anasema, maana anayesema hawezi kujikaza. Tepu iguse ngozi bila kuibonyeza. Watu wa zamani waliingiza kidole kimoja chini ya tepu ili nguo ipumue, na kwa suruali ya kushona hilo ni jema, lakini kwa kilti usilifanye, kwa sababu bizimu ndizo zitakazotoa nafasi hiyo, na nafasi ikitolewa mara mbili kilti itaning'inia. Kisha mpimwaji akae kitako, kwenye baraza kama alivyozoea kukaa, na apimwe tena mahali pale pale. Kwa mtu mwembamba namba haisogei sana. Kwa mwenye tumbo inaweza kuongezeka inchi nzima au zaidi, na anayekaa barazani kwa muda wa saa mbili kila jioni anastahili kuvaa nguo inayomvumilia akiwa amekaa. Ikiwa tofauti ni kubwa, namba ya kuagiza iwe katikati ya kusimama na kukaa.

Wakati wa siku nao si jambo dogo. Alasiri ya Ramadhani humtoa mtu akiwa amepungua, na usiku wa karamu humtoa amejaa. Asubuhi ya siku ya kawaida, baada ya chai na mahamri, ndiyo saa ya haki. Pima mara mbili kwa siku mbili tofauti, na namba zikipishana kwa zaidi ya nusu inchi, pima mara ya tatu.

Hata namba ya kiuno ikiwa sahihi, haitoshi bila ya nyonga. Tepu izungushwe pale ambapo makalio yamejaa zaidi, bila kubana, na mifuko iwe mitupu. Kilti ni vazi la nyuma kama lilivyo la mbele, na uzuri wake wote uko katika marinda kuteremka yamelala kama yalivyopigwa pasi. Nyonga ya kilti ikiwa ndogo kuliko mwili, marinda hufunguka juu ya makalio hata mtu akiwa amesimama tu, na hakuna ukanda wala bizimu inayoweza kuyafunga. Katika jedwali za wauzaji utaona kila saizi ya kiuno ikiambatana na kiwango cha juu cha nyonga. Ukiwa ndani ya kiuno na nje ya nyonga, panda saizi moja kisha upunguziwe kiuno, maana kiuno kinapunguzika na nyonga haiongezeki.

Urefu hufuata mahali pa kiuno, na wanaosahau hilo hushangaa kilti ikiwafika chini ya goti. Kilti nyingi za dukani hukatwa urefu wa inchi 24. Ile ile iliyofika katikati ya goti ilipokaa kwenye kitovu itashuka inchi 2 ikikaa kwenye nyonga. Pima kutoka kwenye ule uzi wa kiunoni hadi katikati ya kifuniko cha goti, mpimwaji akiwa amesimama akitazama mbele, na ukitaka kuhakikisha mpigishe magoti: upindo wa kilti ya desturi huwa juu ya sakafu kwa inchi 1 hivi.

Kwetu sisi, hata hivyo, suala la mahali pa kiuno lina uzito ambao jedwali la muuzaji halikuuwaza, nami ningependa msomaji alitulie hapa. Sitara ya mwanamume, kama tulivyofundishwa chuoni, ni baina ya kitovu na magoti. Kilti ya kisasa inayokaa inchi 2 chini ya kitovu, ikivaliwa na fulana fupi, huacha utepe wa tumbo wazi kila mtu anapoinua mkono kushika kamba ya jahazi au kupokea mzigo gatini, na upindo unaoishia katikati ya goti hupanda juu anaporukuu. Atakayeivaa siku nzima na kuingia nayo msikitini saa ya adhuhuri anafaa kuchagua kilti ya mkao wa juu, kipimo kichukuliwe kwenye kitovu chenyewe, na urefu uongezwe inchi 2 au 3 ili upindo uvuke goti. Uskoti hilo litaonekana refu. Mtaani Langoni, hapa Lamu, litaonekana la heshima. Anayeipenda ile ya chini aivae na shati refu linaloshuka chini ya ukanda, ndani awe na bukta inayofika magotini, au abebe kikoi chake begani cha kusalia, kama wafanyavyo wengi wanaotoka baharini. Masuala ya fiqhi yenye undani yaulizwe masheikh. Ninachosema ni kwamba uamuzi huu ufanywe kabla ya kupima, kwa sababu unabadilisha namba utakayoandika.

Saizi za kilti za dukani mara nyingi huruka kwa inchi 2: 32, 34, 36, 38. Mwenye 36 kamili hana shida. Mwenye 37 ndiye anayehangaika, na jibu lake liko katika kufahamu namna nguo inavyojifunga. Kilti ya bizimu huwa na mikanda ya ngozi yenye matundu kadhaa, na saizi iliyoandikwa huwa inakusudia tundu la katikati. Mwenye 37 akichukua 38 atafunga tundu moja au mawili ndani ya katikati na atabaki na nafasi ya kupungua. Akichukua 36 atakuwa kwenye tundu la mwisho tangu siku ya kwanza. Kwa hiyo panda juu, isipokuwa ukiwa kijana unayekonda kwa kazi ya msimu wa uvuvi, au nyonga zako zimo kabisa ndani ya saizi ndogo. Kilti za vifungo vya kubonyeza husogea kwa hatua kubwa zaidi kuliko matundu ya mkanda, kwa hivyo muulize muuzaji kuna safu ngapi za vifungo na zimeachana kwa kiasi gani. Ukipanda saizi mbili ili "uwe na raha", umeharibu: sehemu bapa ya mbele, ambayo ni vipande viwili vinavyopishana, huzidi kuzunguka na kufunika marinda ya upande wa kulia, na vazi zima huonekana limepinda.

Kwa fundi wa hapa anayeombwa kushona badala ya kuagiza, hesabu ya kiuno ndiyo roho ya kazi. Gawa mzunguko karibu nusu kwa nusu baina ya sehemu bapa ya mbele na marinda ya nyuma. Chukua mteja wa kiuno 36 na nyonga 40. Mbele atapata inchi 18 kiunoni na 20 nyongani, na nyuma vile vile. Ukikusudia marinda 20, kila rinda litaonyesha inchi 1 kwenye nyonga na sehemu 9 za kumi za inchi kwenye kiuno, yaani kila rinda lipungue kwa milimita 2 na nusu hivi linapopanda. Pima kwa milimita hapa, si kwa inchi. Ukikosea milimita 1 tu kwa kila rinda, marinda 20 yatakuwa yamekuibia sentimita 2, zaidi kidogo ya robo tatu ya inchi ya kiuno, na hutajua mpaka mteja arudi. Kutoka kiunoni hadi nyongani marinda yashonewe kabisa, na umbali huo ni kama theluthi moja ya urefu wote. Kuanzia hapo yaachwe huru. Mwenye kitambi apewe inchi kidogo zaidi mbele kuliko nyuma, la sivyo marinda ya pembeni yatavutwa kuelekea tumboni. Usisahau kwamba mbele kuna vipande viwili, kwa hivyo kitambaa cha upana huo kihesabiwe mara mbili.

Kitambaa nacho hugusa kiuno kwa njia moja: pamba isiyofuliwa hunywea. Iloweke, uikaushe na kuipiga pasi kabla ya kuikata. Sufu nzito iachiwe baridi ya Uskoti. Kwa joto na unyevu wetu pamba ya khaki au mchanganyiko mwepesi hufaa, ingawa wakati wa kusi kitambaa chepesi mno hupeperuka njiani, na hilo mtu alifikirie.

Unapoagiza, andika namba 4: kiuno mahali utakapovaa, umbali wa mahali hapo kutoka kitovuni, nyonga, na urefu. Ziandike kwa inchi na kwa sentimita pamoja, kwa mfano inchi 36, sentimita 91, ili asiwepo wa kuzikosea. Eleza waziwazi kwamba ni vipimo vya mwili vilivyochukuliwa kwa tepu na si namba ya suruali, kwa sababu wapo wauzaji wanaoongeza inchi wakidhani mteja ametaja ya jinzi.

Ikifika, ijaribu ndani ya nyumba bila kuikata lebo yoyote. Marinda yawe nyuma, kipande cha ndani kifungwe kwanza kwa mkanda unaopita kwenye tundu la upande wa kushoto ikiwa upo, kisha kipande cha nje kifungwe upande wa kulia. Ukingo wa kipande cha nje ukisimama wima juu ya nyonga ya kulia, kiuno kimekubali. Ukiishia mbele ya nyonga, nguo ni ndogo. Ukivuka kwenda nyuma, ni kubwa. Tembea, chuchumaa, panda ngazi, kaa kisha uinuke. Kilti isiyoshuka wala kuacha alama nyekundu tumboni baada ya nusu saa ni ya saizi yako. Ikizidi kwa inchi 1 na nyonga zikiwa sawa, mpelekee fundi azisogeze bizimu nyuma kila upande, kazi ndogo isiyogusa marinda. Ikipungua, yale marinda usimruhusu mtu ayafumue. Andikia muuzaji siku hiyo hiyo, ikiwa bado na lebo zake.